Papa aogopwaye ndiye anayeangamia

KATIKA masoko ya samaki ya Pwani, kutoka Vanga hadi Kiunga, papa hana kitisho chochote. Hukatwa vipande, akatiwa chumvi, akaanikwa juani na kuuzwa kama ng'onda, kisha akapikwa kwa nazi na kuliwa kwa ugali au wali. Mchuuzi wa Kongowea anajua bei yake kwa kilo, na mpishi wa Kilifi anajua amloweke kwa muda gani ili chumvi ipungue. Lakini mtaje papa huyo huyo mbele ya mtu wa bara ambaye hajawahi kuiona bahari, na taswira itakayomjia ni ya dubwana lenye meno ya msumeno linalonyemelea waogeleaji.

Taswira hizo mbili, ya kitoweo na ya dubwana, zinapingana, ila zimezaa tokeo moja. Anayeogopwa hana wa kumlilia, na anayeliwa kila siku hakuna anayemhesabu. Ndiyo maana kupungua kwa papa duniani kuliendelea kwa miongo kadhaa kabla ya serikali nyingi kushtuka, ilhali kilio kuhusu ndovu, kifaru na hata kasa kilikuwa kimesikika mapema zaidi.

Waswahili wa zamani walimjua papa kwa undani kuliko wanavyodhaniwa. Mafuta ya ini lake, yaitwayo sifa, yalipakwa kwenye mbao za majahazi ili zisioze, na yeyote aliyewahi kupita karibu na chombo kilichopakwa mafuta hayo hawezi kuisahau harufu yake. Papa mkavu aliyekolezwa chumvi alikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Lamu, Mombasa na Unguja na majahazi yaliyosukumwa na kaskazi kutoka Oman, Hadhramaut na pwani ya Somalia. Kusi ilipovuma, vyombo hivyo vilirejea makwao na boriti za mikoko. Chakula ambacho leo huhesabiwa kuwa cha kienyeji kilikuwa pia cha biashara ya ng'ambo.

Aidha, kuna papa ambaye wenyeji hawakumwogopa hata kidogo. Huyu ni potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kufikia urefu wa mita 18, mwenye madoa meupe mgongoni. Katika pwani ya Kenya anaitwa pia papa shilingi. Inasimuliwa kwamba Mwenyezi Mungu alipomwumba alipendezwa naye mno hata akawapa malaika sarafu za fedha wamrushie kutoka mbinguni. Sarafu hizo zikamnata mgongoni, na ndiyo sababu, kwa mujibu wa ngano hiyo, potwe huogelea karibu na uso wa maji akishukuru. Ukubwa wake wote huo hulishwa na viumbe wadogo mno wanaoelea baharini pamoja na visamaki, ambao huwachuja kutoka kwenye maji.

Haimaanishi kwamba mabaharia hawakumhofu papa. Mpiga mbizi na mvuvi aliyepinduliwa na wimbi walikuwa na kila sababu ya kumhofu, ila hofu yao ilikuwa ya kiumbe wanachokijua: hukaa wapi, hula nini, hukasirishwa na nini. Hofu iliyoenea duniani katika nusu ya pili ya karne ya 20 ni ya namna nyingine. Ilipikwa vitabuni na kwenye sinema, na wengi wa walioimeza hawajawahi kukutana na papa ana kwa ana.

Mwaka 1974, mwandishi Mmarekani Peter Benchley alichapisha riwaya iitwayo Jaws, kuhusu papa mkubwa mweupe anayewala watu katika mji wa ufuoni. Mwaka uliofuata, Steven Spielberg aliigeuza kuwa filamu iliyovunja rekodi za mapato. Papa wa filamu hiyo hafanyi mambo ya kipapa. Huweka kinyongo, hupanga njama, huwasaka watu wale wale mpaka mwisho. Wengi waliamini. Nchini Marekani mashindano ya kuvua papa yalishamiri, na kumwua papa kukawa tendo la ushujaa.

Benchley mwenyewe alijuta. Kwa miaka mingi kabla ya kifo chake mwaka 2006 alitetea uhifadhi wa bahari, na akakiri hadharani kwamba, kwa elimu iliyokuwa imepatikana, asingeweza tena kuandika kitabu kama kile. Spielberg naye, alipohojiwa na idhaa ya BBC mwaka 2022, alisema anasikitika kwamba kitabu na filamu hiyo vilichangia kuangamizwa kwa papa. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Hatari yenyewe ni ya kiasi gani? Chuo Kikuu cha Florida hutunza rejista ya kimataifa ya visa vya watu kung'atwa na papa. Mwaka 2023 rejista hiyo ilithibitisha visa 69 duniani kote ambapo papa alimshambulia mtu bila kuchokozwa. Mwaka 2024 vilikuwa 47. Wanaofariki katika visa vya aina hii kwa kawaida hawazidi kumi kwa mwaka, katika dunia ambayo mamilioni ya watu huingia baharini kila siku. Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na malaria takriban laki sita. Mbu hajatengenezewa filamu ya kutisha iliyoingiza mamilioni.

Kati ya spishi zaidi ya 500 za papa, ni tatu hasa zinazolaumiwa kwa vifo vingi: papa mkubwa mweupe, papa mwenye milia kama ya simbamarara, na papa mnene wa maji ya pwani ambaye huweza kupanda hadi mitoni, akiwemo katika Mto Zambezi. Aghalabu mtu hung'atwa mara moja kisha huachwa. Bila shaka meno hayo huweza kukata mshipa mkubwa wa damu, na kwa aliyefiwa, takwimu si faraja. Kisiwa cha Reunion kilishuhudia vifo kadhaa tangu mwaka 2011, na wakazi wake hawawezi kulaumiwa kwa kuogopa.

Lakini hata palipo na hatari ya kweli, mkono wa binadamu huwa hauko mbali. Mogadishu ni mfano unaotajwa mara kwa mara. Ufuo wake ulipata sifa mbaya ya mashambulizi ya papa katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, baada ya kichinjio kujengwa karibu na bahari na damu na mabaki ya wanyama kumwagwa majini. Papa ana uwezo wa ajabu wa kunusa, na kwenye pua yake mna vishimo vinavyohisi hata umeme mdogo unaotolewa na misuli ya samaki aliyejificha mchangani. Kumwaga damu ufuoni ni kumwita mgeni, kisha kumlaani kwa kuitika.

Durban, Afrika Kusini, ilichagua njia nyingine. Tangu mwaka 1952 nyavu zimetandazwa mbele ya fuo za kuogelea. Wageni wengi hudhani kuwa nyavu hizo ni ukuta, sivyo. Papa huweza kupita pembeni au chini yake. Kazi yake ni kuwanasa na kuwapunguza, na pamoja nao hufa pomboo, kasa na taa ambao hawajawahi kumdhuru yeyote. Nchi hiyo hiyo, mwaka 1991, ikawa ya kwanza duniani kumlinda papa mkubwa mweupe kisheria. Inamlinda kwa mkono mmoja na kumtega kwa mwingine.

Kiini cha suala zima, hata hivyo, hakimo katika hofu wala katika sinema. Kimo katika uzazi wa papa. Samaki wengi wanaovuliwa kwa wingi hutaga mayai kwa maelfu au mamilioni. Jodari mmoja wa kike huweza kutaga mamilioni ya mayai katika msimu, na hata akivuliwa leo, wenzake wachache hutosha kujaza pengo maadamu bahari haijaharibiwa. Papa ameumbwa vingine. Wengi wao hubeba mimba na kuzaa watoto walio hai, wachache, baada ya miezi mingi, na hukawia mno kupevuka.

Papa mwenye mkia mrefu kama upanga wa jambia huzaa watoto wawili hadi wanne tu kwa mkupuo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba papa mkubwa mweupe wa kike katika Atlantiki ya kaskazini hupevuka akiwa na umri wa takriban miaka 33. Kuna papa wa bahari baridi za Greenland ambaye huweza kuishi zaidi ya miaka 270. Viumbe wa namna hii wanafanana na ndovu kuliko wanavyofanana na dagaa. Ukoo wao umekuwepo kwa zaidi ya miaka milioni 400, kabla ya dinosau na kabla ya miti mingi inayojulikana leo, na katika muda wote huo hapakuwa na haja ya kuzaa haraka kwa kuwa hapakuwa na wa kuwavua.

Sasa yupo. Mwaka 2021 wanasayansi waliripoti kwamba idadi ya papa na taa wa bahari kuu ilikuwa imeshuka kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Mwaka huo huo tathmini ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa viumbe, ilionyesha kuwa zaidi ya thuluthi moja ya spishi za papa, taa na jamaa zao zimo hatarini kuangamia, na kisa kikuu ni uvuvi wa kupita kiasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulikadiria kwamba papa wasiopungua milioni 80 waliuawa na uvuvi katika mwaka 2019 pekee. Ukigawanya idadi hiyo, ni zaidi ya papa 9,000 kila saa, usiku na mchana. Yule anayeitwa muuaji huua watu wachache wanaoweza kuhesabika kwa vidole.

Kwa muda mrefu lawama ilielekezwa kwenye supu ya mapezi, mlo wa hadhi katika karamu za Wachina. Pezi lenyewe halina ladha kubwa. Ladha hutoka kwenye mchuzi wa kuku au nyama, na pezi hutoa nyuzi laini tu. Ila bei yake ilikuwa kubwa kiasi cha kuwafanya mabaharia wa meli za uvuvi wamkate papa mapezi na kumtupa baharini angali hai, azame na kufa, ili ghala la barafu libaki na nafasi ya samaki wa bei. Ukatili huo uliwachukiza watu kote ulimwenguni. Marekani iliupiga marufuku mwaka 2000, na mwishoni mwa mwaka 2022 ikaharamisha pia uuzaji wa mapezi. Umoja wa Ulaya uliamuru mwaka 2013 kwamba papa wafikishwe bandarini mapezi yakiwa bado mwilini. Nchini China, mchezaji maarufu wa mpira wa vikapu Yao Ming alianza kampeni mwaka 2006 kuwasihi wenzake waache supu hiyo, na serikali ikaiondoa kwenye karamu zake rasmi.

Hapa ndipo penye funzo ambalo watetezi wengi wa papa walichelewa kulipata. Utafiti ule wa mwaka 2024 uligundua kwamba sheria dhidi ya ukataji wa mapezi ziliongezeka maradufu mara nyingi, lakini idadi ya papa waliouawa haikupungua. Iliongezeka, kutoka milioni 76 mwaka 2012 hadi milioni 80. Sheria ilimlazimisha mvuvi amlete papa mzima, na papa mzima akiletwa, nyama yake hutafutiwa soko. Soko likapatikana. Kwa thamani, biashara ya kimataifa ya nyama ya papa na taa imeipiku ile ya mapezi. Katika nchi nyingi nyama hiyo huuzwa kwa majina mengine, mlaji asijue anachokula. Na asichojua pia ni kwamba papa wakubwa hulimbikiza zebaki mwilini, jambo linalowafanya wataalamu wa lishe kuwatahadharisha wajawazito na watoto.

Pwani ya Kenya inathibitisha ukweli huo kwa namna yake. Mvuvi wa Ngomeni au Kipini hamkati papa mapezi na kumtupa. Atamtupaje kitoweo? Nyama huliwa, ini hutolewa mafuta, mapezi huuzwa kwa wafanyabiashara wanaoyapeleka ng'ambo kupitia Mombasa. Hakuna kinachopotea. Kwa hivyo kampeni dhidi ya ukataji wa mapezi, hata ikipigiwa ngoma vipi, haimhusu sana. Linalohusu maji ya Kenya ni idadi ya wanaonaswa na umri wao.

Chombo kinachotumiwa zaidi ni jarife, wavu wenye matundu makubwa unaotegwa usiku ili kuwanasa papa, taa na samaki wengine wakubwa. Jarife halichagui. Humnasa papa, humnasa kasa, humnasa pomboo, na mvuvi hujua alichopata anapouvuta wavu alfajiri. Juu ya hayo kuna meli za kukokota nyavu zinazovua kamba katika Ghuba ya Ungwana. Mito ya Tana na Sabaki humwaga matope na lishe katika eneo hilo, na maji yake si ya kina kirefu. Ni mazingira yanayowafaa kamba, na yanayowafaa papa wachanga pia, ambao hujificha humo wasiliwe na wakubwa zao.

Mmoja wao ni papa mwenye kichwa kama nyundo, ambaye baadhi ya wavuvi humwita pingusi. Spishi yake inayojulikana zaidi iliwekwa na IUCN mwaka 2019 katika daraja la walio hatarini zaidi kuangamia. Jike hubeba mimba kwa miezi tisa hadi kumi na miwili, kisha hukaribia pwani kuzaa watoto wa urefu wa takriban nusu mita. Watafiti waliochunguza samaki wanaoteremshwa katika bandari ndogo za Kenya wamegundua kwamba pingusi wengi wanaovuliwa ni wachanga ambao hawajawahi kuzaa hata mara moja. Ni kula mbegu kabla ya kupanda.

Anayetaka kujua mwisho wa mwenendo kama huo na amtazame papa upanga, yule mwenye pua ndefu iliyopangwa meno pande zote mbili kama msumeno. Ingawa jina lake ni papa, kwa nasaba yuko karibu zaidi na taa. Zamani alikuwa akionekana katika milango ya mito ya Afrika Mashariki. Pua yake ndiyo iliyomponza, kwani hujizongomeza katika kila aina ya wavu, na akishanaswa hawezi kujinasua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa samaki hao wametoweka katika zaidi ya nusu ya nchi 90 walikokuwa wakipatikana. Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliharamisha biashara yao kuanzia mwaka 2007. Kwa maeneo mengi, sheria ilifika mwenyewe ameshaondoka.

Je, bahari itapoteza nini papa akitoweka? Katika suala hili watetezi wake wakati mwingine wametia chumvi. Hadithi iliyovuma sana kuanzia mwaka 2007 ilidai kuwa kupungua kwa papa mashariki mwa Marekani kulifanya taa waongezeke hata wakala chaza wote na kuua biashara ya wavuvi. Wanasayansi wengine waliichunguza upya mwaka 2016 wakaona kwamba ushahidi hauitoshelezi. Iko mifano iliyo imara zaidi. Katika Shark Bay, magharibi mwa Australia, imebainika kwamba nguva na kasa huhama kwenye malisho ya nyasi za baharini pale papa wanapokuwepo, na hivyo nyasi hizo hupata nafasi ya kukua. Nyasi hizo ndimo samaki wadogo wanamokulia. Sehemu za kaskazini mwa Lamu zina nyasi kama hizo, na nguva wachache waliosalia nchini wanazitegemea.

Hatua za kisheria hazijakosekana. Tume inayosimamia uvuvi wa jodari katika Bahari ya Hindi, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, ilipiga marufuku kubakisha chomboni papa wa mkia mrefu mwaka 2010, na papa wa mapezi yenye ncha nyeupe wa bahari kuu mwaka 2013. Kuhusu huyu wa pili, wavuvi wadogo wanaovua katika maji ya nchi zao kwa ajili ya chakula cha wenyeji walisamehewa. CITES nayo iliwaingiza pingusi wakubwa katika orodha yake mwaka 2013, na katika mkutano wa Panama wa mwaka 2022 ikaongeza jamii nzima ya papa wa kijivu ambao ndio wengi katika biashara ya mapezi. Tangu Novemba 2023, anayetaka kusafirisha mapezi yao nje ya nchi lazima apate kibali, na nchini Kenya mamlaka husika ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kibali hicho hakitakiwi kutolewa mpaka ithibitishwe kwamba uvuvi huo hauhatarishi kuendelea kuwepo kwa spishi inayohusika. Hilo linahitaji takwimu, na takwimu ndizo ugonjwa wa siku nyingi. Katika kumbukumbu za uvuvi za nchi nyingi za ukanda huu, papa na taa huandikwa kwa pamoja kana kwamba ni samaki mmoja. Pezi likishakauka, si afisa wa forodha tu anayeshindwa kulitambua. Hata mfanyabiashara mzoefu huweza kuchanganya. Kumfunza karani wa ufuoni kutofautisha papa kumi wa kawaida kabla hawajakatwa vipande ni kazi ndogo isiyovutia wafadhili, lakini bila hiyo kibali kinabaki kuwa karatasi.

Kisha kuna suala la tumbo. Miamba ya karibu na pwani imevuliwa mno, na mvuvi mwenye ngalawa hana uwezo wa kufuata jodari maili nyingi baharini. Jarife ndilo linalompa fedha za karo na unga. Nyuma yake kuna wanawake wachuuzi, wajulikanao Pwani kama mama karanga, wanaonunua samaki ufuoni na kuwauza vijijini. Kumwambia mvuvi asimguse papa bila kumpa njia nyingine ni sawa na kumwamuru afunge mwaka mzima. Wala kumtaka amrudishe majini akiwa hai si jibu la kutosha, hususan kwa pingusi. Samaki huyu hufa upesi sana akinaswa, na mara nyingi wavu unapovutwa huwa ameshakufa.

Baadhi ya mataifa yamegeukia utalii. Palau ilitangaza maji yake yote kuwa hifadhi ya papa mwaka 2009, na Maldives ikapiga marufuku uvuvi wa papa mwaka 2010. Utafiti mmoja ulikadiria kwamba papa mmoja anayetazamwa na wapiga mbizi wa Palau huingizia nchi hiyo takriban dola milioni 1.9 maishani mwake. Hesabu hizi ni za kuvutia, ila hazina budi kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa dola ya hoteli si dola ya mvuvi.

Mfano ulio karibu zaidi na nyumbani ni kisiwa cha Mafia, Tanzania. Potwe hukusanyika karibu na Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Februari, wakifuata makundi ya visamaki, na wavuvi wa dagaa hufuata makundi hayo hayo. Wageni hulipa ili kuogelea kando ya samaki hao wakubwa, na baadhi ya wenye mashua wanapata riziki kwa kuwapeleka. Potwe hana thamani kubwa ya chakula huko, hivyo kumwacha hai hakumnyimi mtu mlo.

Pingusi wa Ungwana hana bahati hiyo. Hakuna mtalii atakayelipa nauli kwenda kumtazama samaki wa nusu mita katika maji ya matope mbele ya Kipini. Kwake yeye linalobaki ni makubaliano kati ya wavuvi, vikundi vya usimamizi wa fuo vijulikanavyo kama BMU, wenye meli za kamba na idara ya uvuvi: ni miezi gani majike hukaribia pwani kuzaa, ni wapi hasa, na ni nani atakayemfidia mwenye jarife kwa usiku ambao wavu wake hautatupwa hapo.